Sindano ya Kitanda cha Dirishani

Saa moja asubuhi, kabla chai haijaletwa, mwanamke mmoja anaosha mikono kwenye sinki la wodi ya wanawake. Mikono imetakata zamani. Anaisugua tena kati ya vidole na chini ya kucha, anapanda mpaka kwenye viwiko, anafunga bomba, kisha anabaki amesimama pale pale maji yakimchuruzika. Ukimwona kwa mbali utadhani anamsubiri mtu. Ukimsogelea utamsikia akijirudia hatua za kuchoma sindano kwa sauti ndogo.

Nyuma yake kuna troli ya dawa, na nyuma ya troli amesimama msimamizi wa wodi, mama mrefu mwenye miwani iliyofungwa kamba, ambaye asubuhi hutoa maneno kwa kipimo kama dawa ya usingizi. Leo ndiye mtahini. Akiridhika atatia sahihi, na mwanamke wa sinki, aliyekuwa muuguzi msaidizi humu humu kwa miaka kumi na moja, atasajiliwa kuwa muuguzi kamili. Asiporidhika, basi tena. Hii ni nafasi yake ya pili na chuo hakitoi ya tatu.

"Nimezaa kwa shida, nimeshika mikono ya watu mpaka wakakata roho," anasema, akikausha vidole kimoja kimoja. "Lakini sijawahi kuogopa kitu kama ninavyoiogopa hii trei."

Wodini anaitwa Beseni. Jina alipewa na wagonjwa, na ni haki yake, kwa sababu miaka yote hiyo hakuonekana bila beseni la maji ya vuguvugu kiunoni. Ameogesha vikongwe, wanawake waliovunjika nyonga, na wasichana walioona haya kuvuliwa nguo mbele ya mtu. Ametandika vitanda, amelisha watu uji kwa kijiko, ameondoa uchafu ambao hata ndugu wa mgonjwa walifumba macho wasiuone. Manesi walimpenda. Walimtuma pia, na wakati mwingine walisahau kusema asante.

Kazi yake ilikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe haukuwa na mjadala. Msaidizi hagusi dawa, hagusi sindano, na hagusi kadi ya mgonjwa, ile inayoning'inia miguuni mwa kitanda ikiwa na jina na matibabu. Kadi ni ya nesi. Msaidizi akionekana ameishika, hata kama ameiokota tu sakafuni, ataulizwa alikuwa anatafuta nini.

"Hata vumbi lake nilikuwa silifuti," anasema, na hapo anacheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo lilikuwa lake. Wodi hii ina madirisha mengi, ila linalofunguka ni moja tu. Mengine yameganda kwa rangi. Hilo moja linatazama uani, ambako ndugu wa wagonjwa huanika nguo, hugombana na kupatana. Miaka kadhaa iliyopita Beseni aligundua kwamba mgonjwa aliyekata tamaa, yule anayegeukia ukuta na kukataa chakula, akilazwa karibu na dirisha lile huanza kidogo kidogo kuuliza habari. Nani yule aliyevaa kofia? Mbona wale wanagombana? Na mtu anayeuliza habari, anasema Beseni, hachelewi kuulizia chai.

Basi akaanza kuwahamishia pale. Magurudumu ya vitanda yalikuwa yameshaliwa na kutu, kwa hiyo vitanda vilibaki mahali pake na watu ndio waliohamishwa. Mwenye nafuu alihama kwa miguu yake, aliyezidiwa alibebwa na wasaidizi wawili kwa shuka. Kisha msaidizi alikwenda kwa nesi wa zamu na kumwambia kwa mdomo, na nesi akabadilisha kadi. Mtindo ukaenea. Wasaidizi wapya waliukuta, wakadhani ni kanuni ya hospitali.

Hamu ya kuwa nesi ilimwingia polepole, na hasemi uongo kwamba ilikuwa ndoto ya utotoni. Anasema ilianza kwa kuchoka kumwambia mtu mwenye maumivu, "Subiri nikakuitie." Masomo ya sayansi alikuwa ameyafeli sekondari. Akayarudia akiwa na binti yake, mama na mtoto kwenye meza moja, na mtoto ndiye aliyekuwa mkali. Alipopata nafasi chuoni, akakubali kufanya kazi nusu na kulipwa nusu. Wodini utani haukukosekana. Kuna waliomuuliza kama sasa beseni litavikwa sare nyeupe.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Alipoambiwa kwamba wanafunzi wa uuguzi hujifunza kuchoma sindano kwenye machungwa, alileta kapu zima. Jioni mama alichoma machungwa maji safi, na baada ya hapo familia ikayala.

"Tumekula machungwa yenye matundu mpaka tukasahau kwamba machungwa huzaliwa bila matundu," anasema mumewe.

Kisha likatokea la kutokea. Beseni hapendi kulisimulia, na akilisimulia hulisimulia bila kujitafutia pa kujificha.

Mwaka jana, katika mazoezi yake ya mwisho, alirudi wodini kwake baada ya wiki kadhaa za darasani. Wagonjwa wote walikuwa wageni kwake. Alikabidhiwa sindano za insulini za asubuhi. Insulini huteremsha sukari mwilini. Kwa mwenye kisukari ni uhai, na kwa asiye na kisukari, tena mwenye tumbo tupu, inaweza kuwa mwisho wake.

Mwenye kisukari alikuwa mshonaji wa nguo, mama mcheshi aliyelala kitanda cha dirishani. Asubuhi ile, wakati Beseni yuko kwenye chumba cha dawa akivuta insulini na mwanafunzi mwenzake akihakiki kipimo, wasaidizi walifanya walichozoea. Kwenye kitanda cha tatu kulikuwa na mwalimu mstaafu, bibi mwembamba mwenye sikio zito, ambaye alikuwa amegeukia ukuta na hakuwa amekula tangu jana yake. Wakamwomba mshonaji ampishe. Mshonaji akahama akicheka. Mwalimu akabebwa kwa shuka hadi dirishani. Kadi zikabaki mahali pake, kwa sababu kadi ni ya nesi.

Beseni akafika na trei. Akasoma kadi, akalinganisha na sindano, kila kitu kikapatana. Akauliza kama ilivyo desturi, "Wewe ndiye mama fulani?" akitaja jina la mshonaji. Mwalimu hakusikia kitu. Lakini ni mtu wa adabu, na akiona mtu anamsemesha kwa upole hukubali kwa kichwa. Akakubali. Akanyoosha mkono mwenyewe.

Sindano ikaingia, dawa ikaisha. Beseni anasema alijisikia fahari, na hilo ndilo linalomuumiza kuliko yote. Alikuwa anafunika sindano aliposikia sauti kutoka kitanda cha tatu.

"Nesi," mshonaji alisema, mkono wa gauni ameshaupandisha, "na yangu je?"

Beseni akamtazama mshonaji, akamtazama mwalimu. Kisha akakimbia. Alimkuta msimamizi akivaa miwani, akamwambia bila kumung'unya maneno, "Nimemchoma mtu asiye yeye."

Kilichofuata kilikuwa saa ndefu kuliko saa za kawaida. Mwalimu alinyweshwa maji ya sukari, akatundikiwa dripu ya sukari, akawa anatobolewa kidole mara kwa mara kupimwa damu. Hata hivyo sukari ilishuka. Jasho jembamba likamtoka, mikono ikamtetemeka, macho yakawa yanatazama watu ambao hawapo. Akaanza kuita majina, jina baada ya jina, kwa sauti ya mtu aliyesimama mbele ya darasa akichukua mahudhurio.

Msimamizi alisema asiachwe asinzie. Beseni, aliyekuwa amemshika mkono, hakujua afanye nini. Kila jina lilipoitwa akawa anaitikia, "Nipo, mwalimu." Aliitikia majina ya wavulana na ya wasichana. Aliitikia darasa zima la watoto ambao leo labda ni wazee, na lilipokwisha mwalimu akaanza upya, naye akaanza upya.

"Niliogopa litafika jina halafu asiliite," anasema Beseni. "Kila aliponyamaza kidogo nilijua nimeua."

Hakuua. Kabla ya adhuhuri sukari ilianza kupanda na kutulia, na alasiri mwalimu aliuliza kwa nini chai imechelewa. Binti yake, aliyeitwa kazini akaja mbio, hakupiga kelele. Alimwambia Beseni kwa sauti ndogo, "Dada, usimguse tena mama yangu." Beseni akaitikia kwamba hatamgusa.

Jioni ile shoga yake wa miaka yote, msaidizi mwenzake ambaye walianza kazi siku moja, alimfuata kwenye stoo ya shuka. Ndiye aliyemhamisha mwalimu. Alikuwa analia, na Beseni alidhani anakuja kuomba asitajwe.

"Nilitafuta nesi nimwambie nimehamisha," shoga alisema. "Nilipita chumba cha dawa nikakuona. Nikakupita, nikaenda kumtafuta nesi."

Beseni anasema maneno yale yalimuuma na hapo hapo hayakumpa hasira, kwa sababu angekuwa yeye angefanya vile vile. Hata yeye mwenyewe, mtu akiita "nesi" wodini, alikuwa bado anageuka kutazama anaitwa nani.

Alipohojiwa hakumsukumia mtu lawama. Alisema aliyechoma ni yeye, na aliyewafundisha wenzake kuhamisha watu ni yeye. Shoga yake naye akasimama, akasema lake. Shoga akapewa onyo, Beseni akasimamishwa mazoezi na kuambiwa atarudia yote, na kuhamishia watu dirishani kukapigwa marufuku. Mwalimu alitoka hospitali siku chache baadaye, salama.

Nyumbani hali ikawa mbaya. Mumewe anasimulia kwamba mkewe hakuweza tena kushika sindano hata kwa ajili ya chungwa. Akiishika, anaiweka chini na kutoka nje. Alianza kusema kwamba atarudi kwenye beseni, kwamba beseni halijawahi kumdhuru mtu. Binti yake akimsomesha anatazama ukutani kama wale wagonjwa wake.

Mumewe si mtu wa maneno mengi. Alimwonyesha tu mkono wake wenye makovu, akamwambia yeye haviogopi vyuma vinavyomuunguza. Anachoogopa ni ngazi za watu. Kila akimaliza kuunga ngazi ya ghorofani, hupanda yeye kwanza na kurukaruka juu yake kabla hajaikabidhi, kwa sababu akikosea yeye, anayeanguka ni mtoto wa mtu mwingine.

"Nikamwambia, mama watoto, hofu yako si ugonjwa," anasema. "Nipe mkono nikushike, tuchome hilo chungwa."

Wakachoma. Chungwa lile, wanasema wote wawili, halikulika, lilikuwa limechanwachanwa.

Na leo ndiyo siku. Msimamizi anavuta miwani puani, anasema maneno yake ya kwanza ya asubuhi.

"Anzia dirishani."

Beseni anajua ni nani aliye dirishani. Mwalimu amerudi wiki hii, kifua kimembana, na tangu alipoletwa Beseni amekuwa akipita upande wa pili wa wodi. Anapaswa kupewa dawa ya kifua kupitia kanula, kijibomba kilichochomekwa kwenye mshipa wa mkono, taratibu, bila haraka. Kuhusu kwa nini aanzie hapo, msimamizi hatoi maelezo, na hakuna anayethubutu kumuuliza.

Troli inasukumwa. Binti wa mwalimu yuko kando ya kitanda, anamfuta mama yake uso. Anainua macho, anaona sare nyeupe, kisha anaona uso. Kitambaa kinasimama hewani.

"Si wewe," anasema.

Beseni anasimama miguuni mwa kitanda, trei mkononi. Wagonjwa wa karibu wameacha mazungumzo, na mmoja ameinuka kwenye mto ili aone vizuri.

Mwalimu anauliza ni nani huyo. Binti anainama kwenye sikio la mama yake, na kwa kuwa sikio ni zito, wodi nzima inasikia: ni yule aliyekuchoma, mama, yule wa mwaka jana.

Mwalimu anamkagua Beseni kuanzia viatu mpaka kofia, kama mtu anayekagua usafi wa darasa.

"Yule aliyekuwa akiniitikia?" anauliza.

Binti anakubali kwa kichwa.

"Basi muache aje," anasema mwalimu, na kuuweka mkono wenye kanula juu ya shuka.

Beseni hauchukui mkono huo mara moja. Anaweka trei mezani, anazunguka kitanda kwenda upande wa sikio linalosikia afadhali, anainama. Hamtajii jina. Siku hizi hamtajii mgonjwa yeyote jina lake akakubali kwa kichwa.

"Mama, naomba unitajie jina lako mwenyewe. Majina yote."

Mwalimu anayataja yote matatu, kwa sauti ile ile ya mahudhurio. Beseni anatazama kadi, anatazama utepe wa jina ambao siku hizi mgonjwa hufungwa kwenye kifundo cha mkono, anatazama dawa. Anauliza kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru, na wote wawili wanajua ni ipi. Mwalimu anajibu kwamba ipo moja, ila si ya leo, na binti yake anajikuta ametabasamu kwa bahati mbaya.

Mkono wa Beseni unatetemeka mpaka bomba la sindano linaposhikana na kanula. Kisha unatulia. Anasukuma dawa kidogo, anaangalia uso, anasukuma tena, anaangalia. Wodi yote inamngoja. Jasho limemtoka juu ya mdomo na halifuti. Dawa inapokwisha bado amemshika mwalimu mkono, anahesabu mapigo, na anaonekana hana nia ya kuuachia.

"Nipo, mwanangu," anasema mwalimu. "Nenda kwa wenzangu."

Msimamizi anaelekeza kitanda kinachofuata kwa kidevu. Zamu ya dawa inaendelea, kitanda baada ya kitanda, jina baada ya jina, mpaka wagonjwa wa mwisho wanaanza kujitaja kabla hawajaulizwa. Chai inapofika msimamizi anamwita Beseni kando na kumwambia kwamba mkono wake unatetemeka. Beseni anakiri. Msimamizi anasema uendelee tu kutetemeka kabla ya sindano na si baada. Kisha anatia sahihi.

Ungetegemea mtu aruke juu. Beseni anakwenda kukaa kwenye stoo ya shuka, mlango ameuegemeza, na kulia kwa hofu iliyochelewa kutoka. Hofu yenyewe, anasema baadaye, haijaisha na hatarajii iishe. Usajili ukikamilika ataomba abaki wodi hii hii, ingawa kuna waliomshauri aende mahali ambako hakuna anayemjua. Anataka kuwa pale wanapojua alichofanya.

Ana jambo jingine. Ameliombea kibali kwa miezi, na mwezi huu limekubaliwa: mumewe alikuja na vifaa vyake, akakata magurudumu yaliyokufa na kuunga mapya kwenye vitanda vyote vya wodi. Mtu akihitaji dirisha, sasa kitanda chote kinasukumwa, na mwenyewe yumo, na kadi inaning'inia pale pale miguuni. Wakishasukuma, bado nesi wa zamu lazima aambiwe.

Chai imenywewa. Beseni amerudi kwenye sinki, anaosha mikono, safari hii kwa kipimo cha kawaida. Shoga yake anaingia akifuta viganja kwenye aproni, anasimama hatua chache kutoka kwake.

"Nesi," anasema, "mama wa kona hajala tangu jana. Mwalimu kakubali kumpisha. Tunataka kumsogeza dirishani."

Beseni anageuka kutazama ni nani anayeitwa. Nyuma yake hakuna mtu, kuna ukuta na bomba linalodondosha maji. Anafunga bomba, anakausha mikono, na wanakwenda kusukuma kitanda pamoja.